MBWA WETU NA VITUKO VYA SIKUKUU

Na Mwandishi Wetu

Mwezi wa Desemba unapoingia katika nyanda za kati za nchi yetu, mambo mawili hufika Dodoma karibu kwa pamoja. La kwanza ni mvua, ambayo huku hupata msimu mmoja tu kwa mwaka, na ambayo humtoa kila mwenye nguvu kwenda shambani na jembe begani. La pili ni wageni. Watoto hurudi kutoka shule za bweni, vijana wafanyao kazi Dar es Salaam na Morogoro hushuka na mizigo yao, shangazi hufika kutoka Kondoa, na jamaa wa Kongwa huleta mbuzi wa Krismasi akilia juu ya keria ya basi. Kila mtu nyumbani ameambiwa mapema juu ya ujio huo, naye amejiandaa. Yuko mmoja tu ambaye hakuna aliyempasha habari. Huyo ni mbwa.

Hapo ndipo vituko vianzapo. Mbwa ambaye mwaka mzima hakuthubutu kuvuka kizingiti cha jiko huonekana akitoka humo mbio, paja la kuku mdomoni. Mwingine, mpole kiasi cha kuchezewa masikio na watoto wadogo, humzuia mgeni wa heshima nje ya ua, huku mgeni huyo akipiga hodi kwa sauti inayozidi kufifia. Wa tatu huwafuata wenyeji wake kanisani, akaingia katikati ya ibada na kujinyoosha mbele ya wanakwaya kana kwamba naye ana sauti ya kuimba. Visa vya namna hii huwa kitoweo cha mazungumzo hadi Januari, na hakuna ubaya wowote kuvicheka.

Hata hivyo, liko jambo moja ambalo makala haya yanakusudia kuliweka mbele ya kila baba na mama mwenye mbwa. Katika siku za sikukuu, utundu wa mbwa na ugonjwa wa mbwa hufanana sana. Familia isiyojua kuvitenganisha huweza kucheka leo, ikalia baada ya miezi miwili, wakati ambapo hakuna daktari awezaye tena kusaidia.

KAZI YA MBWA UGOGONI

Ili kuelewa vituko hivyo yafaa kwanza kumwelewa mbwa mwenyewe. Katika nyumba ya Kigogo ya asili, yaani tembe yenye paa bapa la udongo na vyumba vinavyozunguka ua wa mifugo, mbwa si pambo. Asubuhi hutoka na wachungaji kufuata ng'ombe na mbuzi. Usiku hulala karibu na zizi na kutoa habari pindi fisi anaponyemelea. Mazao yanapokomaa hufukuza nyani na ngedere mashambani. Ujira wake ni mdogo: ukoko wa ugali wa mtama au wa uwele, na mfupa siku ya bahati. Lakini ndani ya ujira huo mdogo mna utaratibu. Mbwa huijua saa yake ya kula, huijua sauti ya kila mtu wa nyumbani, na huijua mipaka ya himaya anayoilinda.

Sikukuu huuvunja utaratibu wote huo kwa siku moja. Nyuso ngeni huingia uani, nazo haziingii kwa woga kama mwizi bali kwa vicheko na makelele. Damu ya mbuzi humwagika chini ya mti alfajiri, na pua ya mbwa, ambayo uwezo wake wa kunusa unaushinda wa binadamu mara elfu nyingi, hushinda ikisumbuliwa na harufu za nyama, vitunguu na mafuta. Wakati huo huo akina mama wamezama katika masufuria, na mtoto ambaye kazi yake ni kumlisha mbwa amevaa nguo mpya na hataki kuzichafua. Inapofika alasiri mbwa hajatupiwa hata tonge. Ashibaye hamjui mwenye njaa. Kabla hatujasema kwamba mbwa ameiba, ni haki kujiuliza kwanza kama alipewa.

NYUMBA ZINAZOJAA NA NYUMBA ZINAZOBAKI TUPU

Hayo ni ya vijijini, ambako sikukuu hujaza nyumba. Mjini Dodoma mambo huenda kinyume. Mji huu uliochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ukapewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, umekuwa mji wa watumishi waliotoka kila pembe ya nchi. Krismasi inapokaribia, watu wa Moshi huenda Moshi, wa Mbeya huenda Mbeya, na wa Bukoba hufunga safari ndefu kuliko wote. Katika mitaa kama Kisasa na Ilazo mageti hufungwa, taa ya nje huachwa ikiwaka mchana na usiku, na mbwa huachiwa mlinzi au jirani pamoja na kifurushi cha dagaa.

Mbwa huyo wa mjini, aliyezoea kufungiwa kibandani mchana na kufunguliwa usiku, ghafla hana bwana. Mlinzi huchelewa, maji hukauka kwenye bakuli, na siku ya tatu mbwa huchimba chini ya ukuta. Akishatoka, huungana na mbwa wengine wanaorandaranda karibu na mabucha na vibanda vya nyama choma, ambako hakuna ajuaye nani kachanjwa na nani hakuchanjwa. Kisha huja mkesha wa mwaka mpya na fataki zake. Sikio la mbwa husikia sauti ambazo sisi hatuzisikii kabisa. Mlio unaotushtua sisi kidogo humtia yeye hofu kubwa. Mbwa mwenye hofu hukimbia asikokujua, na akizuiwa njiani huuma hata mkono unaomlisha.

Yafaa ikumbukwe kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haimwachii mwenye mnyama uhuru wa kumtelekeza. Kumpa chakula, maji na mahali pa kujikinga ni wajibu wake, na wajibu huo hauendi likizo pamoja na mwenye nyumba.

MIFUPA NA MATUMBO

Wapo watakaosema kwamba wao hawana kosa hilo, kwa sababu siku ya sikukuu mbwa wao hula hadi akashindwa kutembea. Nia hiyo ni njema, lakini nayo ina hatari zake. Mfupa wa kuku uliopikwa hukatika vipande vyenye ncha kali, na vipande hivyo huweza kukwama kooni au kutoboa utumbo. Vitunguu, ambavyo hujaa katika mchuzi na pilau, hudhuru damu ya mbwa. Chokoleti ya watoto ni sumu kwake. Na yule kijana anayemmiminia mbwa pombe ili wageni wacheke hafanyi mzaha, bali anamtesa mnyama.

Hatari kubwa zaidi imo katika matumbo. Mbuzi au kondoo anapochinjwa nyumbani, mara nyingine maini au mapafu yake huonekana yana vifuko vilivyojaa maji. Mchinjaji huvikata na kumtupia mbwa, akidhani ametenda wema na kuokoa nyama iliyobaki. Kumbe baadhi ya vifuko hivyo vina mbegu za mnyoo tegu mdogo ambaye hukomaa katika utumbo wa mbwa. Mbwa haonyeshi ugonjwa wowote, lakini kinyesi chake hutoa mayai ya mnyoo huyo, mayai hushika kwenye manyoya na kusambaa uani, na mtoto anayemkumbatia mbwa kisha akala bila kunawa huyameza. Ndani ya mwili wa binadamu vifuko vile vile huota katika ini au mapafu na kukua polepole kwa miaka mingi, mpaka wakati mwingine upasuaji ukahitajika. Kwa hiyo sehemu zenye vifuko zichomwe moto, au zifukiwe katika shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Matumbo mengine atakayopewa mbwa yachemshwe kwanza mpaka yaive.

UTUNDU AU UGONJWA?

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa huenezwa na mate ya mnyama mgonjwa, aghalabu kwa kuuma, lakini hata kwa kuparura au kulamba penye jeraha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao katika Afrika na Asia, na kwamba karibu wote, asilimia 99, huupata kutokana na mbwa. Kati ya kila waathirika 10, wapatao 4 ni watoto wasiofikia umri wa miaka 15. Kwa nchi yetu, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo karibu 1,500 kwa mwaka, idadi iliyozidi mno ile iliyokuwa ikiandikwa katika madaftari ya hospitali. Wengi walikuwa wakifia nyumbani bila kuhesabiwa.

Wengi wetu tunapomfikiria mbwa mwenye kichaa humwona katika mawazo yetu akiwa ametokwa na povu na kumrukia kila apitaye. Wako wa namna hiyo. Lakini dalili za mwanzo huwa ndogo kuliko hivyo, nazo ni mabadiliko ya tabia. Mbwa mkali huwa mpole ghafla na kujipendekeza kwa wageni. Mbwa mpole huwa mkali au hujificha gizani chini ya kitanda. Hutafuna vijiti, mawe na kamba. Hutoroka nyumbani na kwenda mbali. Sauti yake hubadilika na kuwa ya kukwaruza. Ndugu msomaji, tazama jinsi kila moja ya dalili hizo inavyoweza kupewa jina la kuchekesha siku ya Krismasi! Kajipendekeza kwa wageni: anataka nyama. Kajificha: anaogopa fataki. Katoroka: naye kaenda kusherehekea. Sauti imemkauka: kabweka sana jana.

Dalili moja yahitaji kutajwa peke yake, kwa kuwa sikukuu ndiyo iifichayo kuliko zote. Ugonjwa ukifika kwenye mishipa ya fahamu ya taya na koo, mbwa hushindwa kufunga mdomo na kumeza. Taya hulegea, udenda humtiririka, naye hukohoa kama aliyekwamwa. Mwenye nyumba anayejua kwamba jana mbwa alitupiwa mifupa husema mara moja, "Kakwamwa na mfupa huyo," kisha humshika kichwa na kumwingiza vidole kooni ili autoe. Amefanya hivyo kwa huruma, na kwa huruma hiyo hiyo ameutia mkono wake katika mate yenye sumu. Mbwa aliyeachama mdomo asishikwe kwa mikono. Afungiwe chumbani au ndani ya ua, na bwana mifugo aitwe.

JERAHA LINALOSAHAULIKA

Ugumu mwingine wa ugonjwa huu ni subira yake. Tangu mtu aumwe hadi dalili zionekane, aghalabu hupita mwezi mmoja hadi miezi mitatu, na mara nyingine zaidi. Tuchukue mfano wa mtoto aliyekwenda kwa bibi yake kijijini kwa likizo. Tarehe 27 Desemba anacheza na mbwa mchanga, mbwa anamparura kwa jino, damu kidogo inatoka. Mtoto hasemi neno, kwa sababu alikatazwa kumchezea mbwa anapokula na anaogopa fimbo. Januari anarudi shuleni. Februari au Machi anaanza kuumwa kichwa, kuwashwa pale palipokuwa na jeraha, kisha kuogopa maji na kushindwa kuyameza. Mwalimu hajui habari za mbwa. Mama hajui. Bibi alikwisha sahau. Na dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufariki.

Ndiyo maana wazazi tunapaswa kuwaambia watoto wetu, mwanzoni kabisa mwa likizo, maneno haya: "Ukiumwa au ukiparurwa na mbwa, hata wa kwetu, hata kidogo, njoo useme, wala hutapigwa." Ahadi hiyo itimizwe. Fimbo moja iliyochapwa kwa kosa la kuumwa na mbwa huwafundisha watoto watano wengine kunyamaza.

SABUNI KWANZA, KISHA ZAHANATI

Habari njema ni kwamba baina ya jeraha na ugonjwa kuna nafasi, na nafasi hiyo inaweza kutumika. Hatua ya kwanza haihitaji daktari. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15. Ni muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, hasa katika vijiji vyetu ambako ndoo ya maji imebebwa kichwani kutoka mbali. Lakini hakuna matumizi bora ya ndoo hiyo kuliko haya. Jeraha lisipakwe pilipili, majivu, mafuta ya taa wala kinyesi cha ng'ombe.

Hatua ya pili ni kwenda zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo, wala si baada ya sikukuu. Ikiwa chanjo haipo hapo, mgonjwa ataelekezwa ilipo. Wazee wengi bado wanazikumbuka sindano nyingi za tumboni, na kumbukumbu hiyo huwatisha watu mpaka leo. Sindano hizo za tumboni zimepitwa na wakati. Chanjo ya sasa huchomwa mkononi, kwa siku zilizopangwa, nayo ni lazima ikamilishwe hata kama kidonda kimepona na mtoto anaruka kama kawaida. Ni kazi iliyoanzwa na Louis Pasteur huko Ufaransa tarehe 6 Julai 1885, alipomchanja mvulana wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa. Mvulana yule aliishi hadi utu uzima.

Je, mbwa aliyeuma afanyweje? Desturi ya wengi ni kumwua pale pale. Lakini mbwa akiweza kufungiwa salama na kutazamwa kwa siku 10, hutoa ushahidi mkubwa: akibaki mzima, mate yake hayakuwa na ugonjwa siku alipouma. Mgonjwa asingojee siku hizo ndipo atibiwe. Aanze matibabu, naye daktari ataamua baadaye kama yaendelee. Ikiwa mbwa amekwisha kuuawa au amekufa, bwana mifugo apewe habari kabla ya mzoga kufukiwa, maana uthibitisho wa maabara hupatikana katika ubongo wake.

WENZETU WA PEMBA

Wapo wanaodhani kwamba kichaa cha mbwa ni kama ukame, jambo la kuvumiliwa. Pemba imeonyesha kwamba sivyo. Katika kisiwa hicho kampeni za kuwachanja mbwa ziliendeshwa mfululizo, na mwaka 2014 ugonjwa ukatoweka. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, ukazua taharuki na kuuma watu. Wenzetu hawakukata tamaa. Walirudi kuchanja, na kufikia mwisho wa mwaka 2018 ugonjwa ulikuwa umezimwa kwa mara ya pili. Wataalamu wanasema kwamba mbwa 7 kati ya kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea.

Dodoma haina bahari ya kuuzunguka, na mbwa wake hutembea huru toka kijiji hadi kijiji nyuma ya mifugo iendayo mnadani. Hilo ni gumu kwetu. Lakini elimu ya mifugo si jambo geni katika mkoa huu: maabara ya mifugo ilianzishwa Mpwapwa tangu mwaka 1905, na hadi leo mji huo ni makao ya utafiti na mafunzo ya mifugo. Mkulima wa Ugogo anayemwogesha ng'ombe wake dhidi ya kupe hashindwi kuelewa kwamba mbwa anayemlinda ng'ombe huyo naye ana haki ya sindano moja kwa mwaka.

MAANDALIZI YA SIKUKUU

Basi tumwingize mbwa katika hesabu ya maandalizi. Asubuhi ya sikukuu alishwe mapema, kabla moto mkubwa haujawashwa, na apewe maji ya kutosha. Wageni wanapofika afungwe kivulini, mbali na njia na mbali na watoto. Kisha jioni afunguliwe, kwani mbwa anayefungwa siku zote huwa mkali. Watoto wafundishwe kutomgusa anapokula, anapolala, wala anaponyonyesha, na kusimama tuli badala ya kukimbia anapowajia mbwa wasiyemjua. Wanaosafiri wamwachie mtu anayejulikana na mbwa, pamoja na chakula cha siku zote watakazokuwa mbali.

Pia tuwafikirie majirani. Hapa kwetu, na hasa Kondoa na Chemba, Wakristo na Waislamu huishi ukuta kwa ukuta na kualikana katika sikukuu zao. Asubuhi ya Idd, jirani anayetoka na kanzu safi kwenda kuswali asikutane na mbwa wetu wa kumrukia na kumtia udenda, akalazimika kurudi kujitwaharisha. Kumfunga mbwa kwa saa mbili ni heshima ndogo, lakini majirani huikumbuka.

Na lililo kubwa kuliko yote ni chanjo. Mbwa aliyefikisha umri wa miezi 3 achanjwe, na chanjo irudiwe kila mwaka. Kinga yake huchukua wiki kadhaa kujengeka, kwa hiyo mbwa anayepelekwa mkesha wa Krismasi amechelewa. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, na huo ni wakati mzuri wa kuuliza ofisi ya mifugo ya kata lini na wapi chanjo itatolewa. Kabla hatujaanza kuulizana bei ya mbuzi wa Krismasi, mbwa awe amekwisha pata sindano yake. Hapo akiiba paja la kuku, tutaweza kumcheka bila hofu.